Nani Analipia Swali?

Kuna sheria moja ya Kenya ambayo ukimsomea mhadhiri yeyote wa chuo cha umma atacheka mpaka amwage chai. Ni Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013. Ndiyo iliyounda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, na inasema kila mwaka wa fedha serikali itaitengea hazina hiyo asilimia 2 ya pato la taifa. Asilimia mbili! Kwa nchi ambayo pato lake linahesabiwa kwa matrilioni, hapo tunaongea mamia ya mabilioni ya shilingi. Pesa hizo hazijawahi kufika. Sheria haijafutwa, iko tu, imetundikwa ukutani kama picha ya harusi ya watu walioachana.

Kile kidogo kinachofika, ukiuliza watu wa historia, fasihi, lugha, falsafa na dini, watakwambia kwenye foleni ya kula wao ni wa mwisho. Dar es Salaam masomo haya yanaitwa insia, neno lenye undugu na insani. Sisi huku tunasema "sanaa," halafu tunashangaa watu wakidhani ni kuchora na kucheza ngoma.

Niseme mapema nimesimama wapi. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Sikufeli mtihani na sikufukuzwa. Salio tu lilikuwa linakua kila semesta kuliko mimi, na ikafika siku mfumo ukakataa kunisajili. Kwa hivyo kama kuna mtu ana haki ya kukasirika akisikia mhadhiri anaomba alipwe mwaka mzima bila kufundisha, akae asome tenzi, mtu huyo ni mimi. Na nilikasirika, kwa muda mrefu. Swali lenyewe ni gumu na sitalipamba: nchi ambayo imeshindwa kumweka mtoto wa fundi darasani, ina haki gani ya kumlipa mwalimu wake asome mashairi ya watu waliokufa?

Tusiirahisishe hoja hii. Mama anayeuza sukuma Githurai analipa ushuru. Ile ya payslip hana, lakini akinunua sabuni, airtime, mafuta ya kupikia, kodi imo humo ndani. Ukichukua shilingi yake ukampa mtu mwenye shahada tatu akakae Lamu miezi sita akilinganisha nakala mbili za utenzi mmoja, lazima uwe na la kumwambia. Na usimwambie "utamaduni ni muhimu." Anajua. Yeye ndiye anayeimba harusini na matangani. Wewe unaenda kumrekodi.

Jibu la kawaida, lile la vipeperushi vya vyuo, ni kwamba masomo haya yanafunza kufikiri kwa kina na kuwasiliana, na ati waajiri wanapenda hivyo. Mimi jibu hilo silipendi hata kidogo. Ni jibu la mchuuzi. Ukikubali kuuza lazima ukubali bei ya soko, na sokoni mhandisi atakushinda kila siku ya wiki. Uganda wameifikisha hoja hii mwisho wake. Rais Museveni amesema kwa miaka mingi kwamba kozi za sanaa hazina faida, na mwaka 2022 serikali yake ikapandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 za Uganda, wa sanaa wakabaki pale pale. Walimu wa sanaa wakagoma. Hebu fikiria stafurumu hiyo: walimu wawili, birika moja la chai, mmoja anafunza kemia na mwingine historia, na tofauti kati yao ni kwamba mmoja serikali imesema ni mtu. Ukishakubali kwamba thamani ya swali ni kile linachoingiza, hapo ndipo unafika. Huwezi kushuka katikati ya njia.

Jibu la pili lina uzito zaidi. Ni la kuonyesha faida kubwa iliyowahi kutokea. Mwaka 2009 wazee wa Kenya walifungua kesi London dhidi ya serikali ya Uingereza kwa mateso ya kambi za wakati wa Mau Mau. Wanahistoria waliokuwa wamezeekea kwenye makavazi wakaitwa kusaidia mahakama kuelewa nyaraka zinasema nini. Ni katika kesi hiyo ndipo Uingereza ilikubali kwamba ilikuwa na maelfu ya faili za kikoloni zilizofichwa mahali panapoitwa Hanslope Park. Juni 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya watu 5,228. Sasa mwambie mama wa Githurai kwamba historia haina kazi. Labda babake alikuwa mmoja wao.

Lakini angalia mambo mawili. La kwanza, hakuna mtu aliyeketi miaka ya tisini akasema mlipieni huyu mwanafunzi nauli na malazi, baada ya miaka 15 wazee 5,228 watafidiwa. Kazi ilianza kwa sababu mtu fulani alitaka kujua nini kilitokea, na kuna mahali palikuwa tayari kumlipia huko kutaka kujua. Faida ilikuja baadaye, na ingeweza isije kabisa. Ukidai faida mwanzoni, kazi hiyo isingeanza.

La pili ndilo linaloniuma. Majina ya wanahistoria wale ni Caroline Elkins wa Harvard, David Anderson wa Oxford kisha Warwick, Huw Bennett wa vyuo vya Uingereza. Sina ubaya nao, walifanya kazi na kazi ilionekana. Ila mtafute pia Maina wa Kinyatti. Alikuwa akifundisha historia Chuo cha Kenyatta na kukusanya nyimbo na nyaraka za Mau Mau, kutoka kwa wenyewe, wakiwa bado hai na kumbukumbu ikiwa bado moto. Juni 1982 alikamatwa. Akafungwa miaka sita kwa kosa la kuwa na karatasi ya uchochezi, akatoka 1988. Yaani swali ni lile lile: walifanywa nini, na nani aliwafanya? Huko mtu alilipiwa kuliuliza. Huku mtu alilipishwa.

Siku hizi hatufungi watafiti wa historia, angalau si kwa wingi. Tumepata njia ya bei nafuu: tunawachosha. Mhadhiri wa fasihi ana darasa la wanafunzi mia tatu, Jumamosi anavuka mji kwenda kampasi nyingine kupiga kibarua, na mshahara wenyewe ni wa kugomewa. Mwaka 2025 mgomo ulichukua siku 49, wakidai mabilioni ya makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021. Mtu kama huyo akipigiwa simu na shirika fulani, wiki mbili, ripoti ya kurasa 40 kuhusu vijana na ajira Mukuru, pesa kwa dola, atakataa vipi? Mimi ningechukua. Mimi huandika kwa kulipwa kwa neno, sina kiburi cha kumcheka mtu kwa hilo.

Mahmood Mamdani aliandika kitabu kizima, kilichotoka 2007, kuhusu jinsi Makerere ilivyogeuzwa soko, na kuna tofauti moja amekuwa akiirudia ambayo naona ndiyo kiini cha haya yote. Mshauri wa kukodiwa anatafuta jibu la swali lililoletwa na mteja. Mtafiti kazi yake ni kuliunda swali. Ukitazama hivyo, utaona Kenya hatuna uhaba wa majibu. Tumejaa ripoti hadi kwenye dari. Tulichokosa ni mtu aliyelipwa akae chini ajiulize kama hilo ndilo swali.

Na kwa pembeni kidogo: ukitaka kuona mahali ambapo kazi ya sanaa inalipwa Nairobi, panda ghorofa yoyote Roysambu saa nane usiku. Utakuta vijana, wengine niliketi nao darasani, wanaandika insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa bei ya ukurasa. Leo ni Vita vya Kwanza vya Dunia, kesho Plato, kesho kutwa maadili ya uuguzi. Wanasoma vitabu, wanapanga hoja, wanaweka rejeleo vizuri kuliko mwenye kazi. Alama na shahada zinaenda ng'ambo. Uwezo upo, bando ipo, usingizi wameshautoa sadaka. Ila hakuna hata mmoja ambaye amewahi kulipwa aulize lake.

Nilikuwa na mwalimu wa fasihi simulizi, mwanamke wa makamo, sauti ya chini, wa kuja darasani hata mvua ikinyesha. Ofisini kwake kulikuwa na katoni la kaseti. Nyimbo za wanawake za kuita mvua, alizorekodi akiwa msichana wa utafiti miaka ya tisini, kijijini kwao na vijiji vya jirani. Nyingi hazikuwa zimenakiliwa. Mashine ya kuzicheza ilikuwa imeharibika, na waimbaji walikuwa wanakufa mmoja mmoja. Aliomba ruzuku mara kadhaa. Mara ya mwisho aliambiwa mada za mwaka huo ni tabianchi na usalama wa chakula. Basi akakaa, akaandika upya, nyimbo zikaitwa "maarifa asilia ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi." Alitusimulia akicheka. Alipata kitu kidogo, na kwa masharti: ripoti ieleze nyimbo zinavyoweza kumsaidia mkulima kutabiri misimu. Wimbo ambao bibi fulani aliuimba kumzomea mumewe aliyeenda Nairobi akanyamaza, ambao mvua ndani yake ni fumbo tu, haukufaa popote kwenye jedwali.

Nikilifikiria katoni lile naelewa vizuri zaidi kwa nini swali la nani analipa ni la kimaadili na halimhusu mhasibu peke yake. Yule mfadhili hakuwa mtu mbaya. Hakumwambia mwalimu adanganye. Alikuja tu na orodha, na orodha ilikuwa ya busara kabisa, nani atapinga usalama wa chakula? Lakini bibi wa kwenye kaseti hakuwa ameimba kuhusu usalama wa chakula. Alikuwa ameachwa.

Tuna historia ndefu ya hizi pesa zinazokuja na nia zake mfukoni. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, mkutano ambao bado tunautaja kwa fahari. Ngũgĩ akiwa bado mwanafunzi, akiitwa James, akampa Achebe mswada wake ausome. Mkutano ule ulilipiwa kupitia Congress for Cultural Freedom. Mfuko huo pia ulisaidia jarida la Transition kule Kampala, na kituo cha Chemchemi ambacho Ezekiel Mphahlele alikianzisha hapa Nairobi mwaka 1963. Miaka michache baadaye ikajulikana kwamba nyuma ya mfuko kulikuwa na CIA. Kuna watu hutumia kisa hiki kusema pesa ya nje ni sumu. Mimi siendi huko. Kazi nyingi iliyotoka pale ilikuwa safi, na walioandika hawakuandikiwa. Kinachonisumbua ni kwamba mwaka uliofuata tukapata bendera, na miaka sitini baadaye bado hatujaweka mfuko wetu wa maana mezani ili mtu awe na wa kulinganisha nao. Asiye na chaguo jingine hawezi kusemwa amechagua.

Hata ile fadhila isiyo na hila ina mipaka yake. Kwa zaidi ya miaka kumi kulikuwa na mpango mzuri sana wa feloshipu kwa wasomi wa insia Afrika, chini ya American Council of Learned Societies, kwa pesa za Carnegie. Mtu alikuwa anapewa muda wa kumalizia tasnifu au kugeuza tasnifu kuwa kitabu. Nchi zilikuwa tano: Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda. Kenya haikuwemo. Msomi wa Namanga upande huu angeweza kumpungia mkono mwenzake wa upande wa pili anayelipiwa mwaka wa kuandika. Tutalalamika kwa nani? Pesa si zetu. Na huko huko Marekani, Aprili 2025, zaidi ya ruzuku 1,000 za shirika lao la taifa la masomo haya, lililoanzishwa 1965, zilikatwa kwa barua za ghafla. Watu walikuwa katikati ya sentensi. Kama mwenye nyumba anaweza kuzimiwa taa hivyo, sisi tunaoazima mwanga dirishani tujipange.

Sasa, nisije nikaonekana nawapigia debe wahadhiri bure. Wao nao wana deni, na ni la zamani. Karne ya 19 pale Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, ambaye alikuwa keshafariki, ili yasipotee. Alifanya kazi hiyo pamoja na mmisionari William Taylor. Leo karatasi za Taylor ziko SOAS, London. Diwani ilichapishwa 1940, Johannesburg, na jina la mhariri ni Hichens. Lamu, Muhamadi Kijuma alinakili tenzi kwa mkono wake kwa ajili ya Wazungu waliomlipa. Nakala zake ziko London na Ujerumani. Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki 2017, ambaye elimu yake ya ushairi aliipata nyumbani na si chuo kikuu, ndiye aliyetupa neno runinga. Utenzi wake wa jahazi la Lamu, Sambo ya Kiwandeo, ulichapishwa Leiden. Mlango wake ulibishwa na maprofesa miaka nenda miaka rudi. Shahada ngapi zimeandikwa kutokana na chai ya nyumba ile?

Kwa hivyo nikisema umma umlipe msomi, sina maana umlipe ili naye amfanyie bibi wa kijijini vile London ilivyomfanyia Mwalimu Sikujua. Makala inatoka kwenye jarida la ng'ambo, kwa Kiingereza, nyuma ya ukuta wa malipo. Mwandishi anapanda cheo. Bibi anabaki na soda na leso aliyopewa siku ya kurekodiwa. Huo ni unyonyaji hata kama mnyonyaji ni jirani. Shilingi ya umma inapaswa kumfuata bibi huyo: alipwe kwa muda wake kama mtaalamu, jina lake liwe kwenye jalada, nakala irudi kwa lugha aliyoimba. Nimesikia wahadhiri wakisema hilo litaharibu uhuru wa utafiti. Sioni vipi. Kumlipa mwenye maarifa hakukunyimi uhuru, kunakunyima tu bure.

Narudi kwa karo, maana najua kuna msomaji anayesubiri. Kwa nini nisiseme mwanafunzi kwanza, mtafiti baadaye? Tatizo langu ni hili: nilipokuwa nadaiwa, nilikuwa nadaiwa bei ya nini? Kila comrade anajua noti za manjano, zile ambazo mwalimu amezisoma tangu Moi, karatasi imebadilika rangi na mfano wa mwisho ndani yake ni wa kabla hujazaliwa. Hakuwa mvivu. Hakupewa mwaka hata mmoja wa kujua kitu kipya. Ukimlipia mtoto wa fundi karo ili akae mbele ya noti hizo, umemnunulia cheti na foleni. Yule mwanamke wa kaseti alitufundisha vizuri kuliko wote kwa sababu alikuwa na kitu ambacho bado hakijaandikwa popote, na tulikisikia pale kabla ya dunia. Nusu ya kile nilichokimudu kulipia ilikuwa ile saa yake moja kwa wiki.

Sitajifanya hesabu inafungana vizuri hivyo. Kama kweli mezani kuna shilingi moja, mwanafunzi mmoja mlangoni na mhadhiri mmoja na katoni lake, mpe mwanafunzi. Nasema bila kusita. Ila nimeishi Kenya vya kutosha kujua kwamba shilingi haijawahi kuwa moja. Wale wanaotuuliza tuchague kati ya karo na utafiti hawajawahi kuulizwa wachague kati ya mafuta ya msafara na chai ya ofisi. Mimi na mwalimu wangu tumewekwa kwenye ulingo mmoja tupigane, na ukuta wa ukumbi umetundikwa ile sheria ya asilimia 2.

Mfikirie pia mtu atakayezaliwa mwaka huu. Akifika umri wangu atataka kujua Juni 2024 ilikuwa nini. Siyo tu nani aliingia Bungeni tarehe 25 na wangapi waliuawa, hayo yatakuwa kwenye ripoti. Atataka kujua tuliongea vipi. Ule mzaha wa mabango, Sheng iliyotumika kuficha mipango, nyimbo zilizogeuzwa usiku mmoja, mama waliotoka na maji, sala zilizosomwa kwenye Spaces saa sita usiku na watu maelfu wakisikiliza kimya. Hiyo ni fasihi simulizi, hata kama ilipitia simu. Mtu lazima aikusanye sasa, wakati wenyewe tuko hai na kumbukumbu ni moto, na mtu huyo anahitaji mshahara, diski za kuhifadhia na miaka miwili ambayo hakuna anayemuuliza itamsaidiaje mkulima.

Nina hakika kazi hiyo imeshaanza mahali fulani. Kuna tasnifu inaandikwa Ulaya, kuna mradi Marekani kama haujakatwa. Nimehojiwa mara mbili na watafiti wapole kutoka mbali, wenye vinasa sauti vizuri, na wote walininunulia kahawa. Kutoka chuo cha hapa hajaja mtu. Wiki iliyopita nilifungua orodha ya viungo nilivyohifadhi mwezi ule. Vilikuwa thelathini na kitu. Vinane bado vinafunguka.